Sura ya Tano: Gari Lisilo na Pacha

Mwezi wa Septemba, uwanja mpana wa zege pembeni ya mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, hujaa koni za rangi ya machungwa. Zamani eneo hilo lilikuwa kambi ya jeshi la anga la Marekani. Tangu 2009 ndipo chama cha Sports Car Club of America, kinachojulikana zaidi kwa herufi SCCA, kinapofanyia fainali za taifa za otokrosi, mashindano yaliyoanza mwaka 1973. Madereva zaidi ya elfu moja hufika, wengi wakivuta magari yao kwa trela kutoka majimbo ya mbali.

Ubavuni mwa kila gari kuna namba, na kando ya namba kuna herufi mbili au zaidi. Namba ni ya dereva. Herufi ni za gari, nazo zinataja daraja lake, yaani kundi la magari ambayo litapimwa nayo. Ukitembea katikati ya safu utaziona Mazda, Honda na Corvette, magari unayoyafahamu. Kisha utasimama mbele ya gari ambalo hukuwahi kuliona barabarani. Paipu zake ziko wazi, alama za kuchomelea zinaonekana, usukani umetoka gari moja na viti vimetoka jingine. Ukiuliza limetengenezwa na kampuni gani, atakayekujibu ni mtu aliyechuchumaa kando yake akikaza nati za gurudumu. Amelitengeneza yeye.

Sura hii inahusu herufi za gari hilo. Mafundi wengi huchomelea kwanza na kuuliza baadaye: wanajenga gari la ndoto yao, kisha wanafika uwanjani kuuliza watashindana na nani. Mimi naamini kwamba daraja ndicho kifaa cha kwanza kinachoingia kwenye gari la kujiundia, kabla ya paipu na kabla ya injini. Anayekiacha hadi mwisho hujikuta akikata alichokwisha kuchomelea, au akishindana kwa miaka na magari ambayo gari lake halikuumbwa kukabiliana nayo.

Mchezo wa dakika moja

Otokrosi ya Marekani huchezwa kwenye lami au zege: maegesho makubwa, viwanja vya ndege vya zamani, popote penye nafasi na pasipo na nguzo. Njia huchorwa kwa koni. Gari huingia peke yake, hukimbia kwa muda unaokaribia dakika moja, hutoka, na saa hulisoma hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Koni ikiangushwa, au ikisukumwa hadi nje kabisa ya alama yake ya chaki, dereva huongezewa sekunde 2. Ikisogea lakini ikabaki imesimama na bado inaigusa alama, haihesabiwi. Ukikosa lango la koni, mzunguko huo hauna matokeo.

Mwendo si mkubwa kupita wa barabara kuu. Ugumu uko kwenye kona zinazofuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumua. Ndiyo sababu mchezo huu huwafungulia mlango watu wa kipato cha kawaida. Gari la kwendea kazini Jumatatu linaweza kushindana Jumapili, na dereva akarudi nalo nyumbani.

Lakini kwa kuwa magari hayako uwanjani kwa wakati mmoja, mpinzani humwoni kwenye kioo. Unakutana naye kwenye karatasi ya matokeo. Na karatasi hiyo haiwezi kusema ukweli ikiwa imeweka kando kwa kando gari lenye matairi ya barabarani na gari lenye matairi laini ya mashindano. Tofauti ya matairi peke yake inaweza kula sekunde kadhaa, katika mchezo ambao ubingwa huamuliwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde au chini yake. Madaraja yakikosewa, kinachobaki ni watu wanaoendesha siku moja, mahali pamoja, bila kushindana.

Ushahidi wa kiwanda

Kwenye ngumi kazi ni nyepesi: mwanamasumbwi hupanda kwenye mizani, na uzito wake humtajia mpinzani. Gari lina uzito, lakini pia lina injini, matairi, upana, urefu, springi, kompyuta, na umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ukilipima kwa kigezo kimoja, fundi mwerevu atajichukulia faida kwenye kigezo usichopima.

SCCA hujibu tatizo hili kwa kupanga magari katika makundi kulingana na kiasi yalivyobadilishwa, kisha kuligawa kila kundi katika madaraja. Chini kabisa liko kundi la Street, la magari yaliyo karibu sana na yalivyotoka kiwandani. Hapa unaruhusiwa kubadili shokamzoba, pedi za breki, kichujio cha hewa, sehemu ya nyuma ya ekzosi na stabilaiza moja. Rimu inaweza kupanda au kushuka inchi 1 kwa kipenyo, lakini upana wake haubadiliki. Matairi lazima yawe ya barabarani, yenye namba ya uchakavu isiyopungua 200. Namba hiyo huchapwa ubavuni mwa tairi kwa utaratibu wa serikali ya Marekani. Tairi la rejea lina 100, na kadiri namba inavyopanda ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu, na kwa kawaida ndivyo linavyopunguza kung'ang'ania lami.

Juu yake liko Street Touring, ambako springi zinabadilishwa na programu ya kompyuta ya injini inaandikwa upya. Street Prepared hufungua mlango wa matairi ya mashindano. Street Modified huruhusu turbo, na hata kupandikiza injini nyingine ya kampuni ileile. Prepared ni la magari yaliyovuliwa karibu kila kitu cha ndani. Mwisho ni Modified, makao ya magari yaliyoumbwa kwa mbio tangu mwanzo.

Makundi haya yote yanaongozwa na kanuni moja ambayo kila mgeni anapaswa kuielewa kabla ya kushika spana: kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Kimya cha kitabu si ruhusa. Gari la Street lililofungwa stabilaiza ya pili haliongezewi sekunde wala kupewa onyo. Limekwisha kuwa gari la kundi la juu, na huko litakutana na magari yaliyotumia uhuru wote wa kundi hilo. Sehemu moja ya bei nafuu inaweza kulitoa gari katika daraja linalolifaa na kulipeleka kunakolizidi nguvu.

Sasa tuje kwenye sharti linalomgusa mjenzi wa nyumbani kuliko yote. Ili gari liingie Street, kampuni lazima iwe imetengeneza angalau magari 1,000 ya aina hiyo katika kipindi cha miezi 12. Wajenzi wengi husoma sharti hilo kama ubaguzi dhidi yao. Mimi nalisoma kama sharti la ushahidi. Gari likiwa na ndugu zake 999, kuna kitabu cha fundi kinachotaja unene wa stabilaiza yake, kuna namba za spea, kuna wauzaji, na kuna gari jingine la namna hiyohiyo lililoegeshwa mita hamsini kutoka hapo. Mtu akisema shokamzoba imefungwa mahali pake pa asili, yeyote anaweza kwenda kuangalia pacha wa gari hilo akathibitisha.

Gari la kujiundia halina pacha. Hakuna kitabu kinachosema lilikuwaje kabla halijabadilishwa, kwa sababu halikuwahi kuwa kitu kingine. Swali linaloongoza makundi yote ya chini, yaani gari hili limebadilishwa kiasi gani, haliwezi kulihusu. Linabaki swali la vitu vinavyopimika papo hapo kwa mizani, utepe na macho: lina uzito gani, injini ina ukubwa gani, limevaa matairi gani. Ukilielewa hilo, kitabu kizima cha kanuni kinaanza kusomeka.

Gari la paipu za mraba

Tuchukue aina ambayo pengine imejengwa nyumbani kuliko nyingine zote duniani. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus, Uingereza, alitoa gari dogo la wazi lililoitwa Seven. Lilikuwa jepesi, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma, na halikuwa na kitu kisicho na kazi. Liliuzwa pia likiwa vipande, mnunuzi akaliunganishe mwenyewe, kwa sababu kodi ya manunuzi ya wakati ule ilitozwa magari kamili. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza, na hadi leo inalitengeneza.

Kisha mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichoahidi kwamba mtu anaweza kujijengea gari la namna hiyo kwa pauni 250. Chasisi ilikuwa ya paipu za chuma za mraba, na viungo vilitoka kwenye Ford Escort kuukuu. Magari hayo yakapata jina Locost, linaloitikia jina la Lotus huku likitaja unafuu wa bei. Mafundi wa gereji za nyumbani, Ulaya na Marekani, wakaanza kukata paipu.

Marekani, gari linalochinjwa spea kwa kazi hii mara nyingi ni Mazda Miata. Miata ya kwanza ya soko la huko, modeli ya 1990, ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 116, na uzito wake haukufika kilo 1,000. Tuseme fundi wetu wa mfano ameinunua ikiwa imegongwa ubavuni. Anachukua injini, giaboksi, difu na breki, anavifunga kwenye chasisi ya paipu, na gari likikamilika lina kilo 600.

Analipeleka wapi? Street hapana, kwa sababu chasisi yake haikutoka kiwanda chochote. Street Touring, Street Prepared, Street Modified na Prepared yamejengwa juu ya msingi uleule wa gari la kiwandani, kwa hiyo nako hapana. Fundi anaweza kulalamika: injini ni ya Miata, giaboksi ni ya Miata, breki ni za Miata, basi nipangwe na Miata! Hesabu inamjibu. Miata yenye farasi 116 na kilo 960 ina farasi 121 kwa kila tani. Injini ileile katika gari la kilo 600 inatoa farasi 193 kwa kila tani. Matairi yaleyale sasa yanabeba mzigo mdogo kwenye kila kona na kila breki. Kumpanga na Miata kungekuwa kuwadhulumu wenye Miata.

Linabaki kundi la Modified, ambalo madaraja yake yanatambulishwa kwa herufi A hadi F. Kila herufi ina wenyewe. C ina magari ya aina ya Formula Ford, F ina magari madogo ya fomula yenye injini za mapigo mawili, na A imefunguliwa kwa ubunifu wa karibu kila namna, kuanzia mabawa makubwa hadi injini za pikipiki zilizofungwa turbo. Gari la aina ya Seven kwa kawaida huangukia D au E. Mpaka kati yao hufuata ukubwa wa injini, na ndani yake uzito wa chini unaoruhusiwa hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Hapa tunaona kile tulichosema: kitabu kimeacha kuuliza gari limetoka wapi, na kimeshika mizani.

Fundi akifika D Modified na Locost yake yenye injini ya kawaida na matairi ya barabarani, atakuta wapinzani wenye matairi laini, injini zilizofumuliwa na kusukwa upya, na magari yaliyopunguzwa hadi kilo ya mwisho inayoruhusiwa. Hakuna aliyemwonea. Uhuru wote uliomo kwenye daraja hilo ni wake pia, na hakuutumia. Lakini kama alitaka kushindana kwa matairi ya barabarani na bajeti ya wastani, alipaswa kujua haya siku aliyonunua ile Miata.

Mlango uliofunguliwa kwa Cobra

Linganisha na fundi wa pili, anayejenga nakala ya Shelby Cobra. Cobra ya asili ilizaliwa mwaka 1962, Carroll Shelby alipoweka injini ya Ford ya V8 ndani ya gari dogo la kampuni ya AC ya Uingereza. Leo nakala zake hujengwa nyumbani kwa seti za vipande kutoka kampuni kama Factory Five Racing ya Massachusetts, iliyoanzishwa 1995. Hilo nalo ni gari la kujiundia. Nalo halikutoka kiwandani likiwa zima.

Hata hivyo SCCA ina kundi linaloitwa Classic American Muscle, kwa kifupi CAM, la magari yenye asili ya Marekani, injini mbele, na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Ndani yake liko daraja la magari ya viti viwili, CAM-S, na nakala za Cobra hukaribishwa humo pamoja na Corvette. Uhuru wa kubadilisha ni mpana. Kinachofunga ni uzito wa chini, na matairi ya namba 200 kwenda juu.

Kwa nini fundi wa Cobra apate nyumba ya starehe, na wa Locost apelekwe kwa magari ya mbio? Kwa sababu CAM iliacha kutafuta ushahidi wa kiwanda na ikachagua mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyahakikisha akiwa amesimama kando ya gari. Uzito wa chini huondoa faida ya kuwa jepesi kupita kiasi, na matairi ya barabarani huziba pengo lililobaki. Waandaaji walikubali kutopima kila bolti, kwa sharti kwamba vitu viwili vinavyoamua zaidi vimepimwa vizuri.

Upo mfano mwingine wa fikra hii. Jarida la Marekani la Grassroots Motorsports kwa miaka mingi limeandaa shindano ambalo mpaka wake ni pesa: gari lisigharimu zaidi ya dola 2,000. Magari hupimwa kwenye otokrosi, kwenye mbio za mstari mnyoofu, na kwa macho ya waamuzi wanaotazama ubora wa kazi. Mizani ya hapo ni risiti. Fundi asiyetunza risiti hana namna ya kuthibitisha gari lake ni halali, hata kama kweli alilijenga kwa bei ya chini kuliko wote.

Kuipima injini

Ukubwa wa injini unaonekana kuwa kipimo rahisi, kwa kuwa sisi (cc) 1600 ni sisi 1600. Lakini turbo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda zilezile, na hewa zaidi ni mafuta zaidi na nguvu zaidi. Kwa hiyo vitabu vya kanuni huwa na kizidishi. Katika kanuni za rali za FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, injini ya petroli yenye turbo huzidishwa kwa 1.7. Injini ya sisi 2,000 yenye turbo huhesabiwa kuwa sisi 3,400, na ile ya 1,600 huhesabiwa kuwa 2,720.

Injini ya Wankel, iliyopata umaarufu kupitia Mazda, ina fumbo lake. Haina pistoni; ina rota inayozunguka ndani ya chumba. Injini ya Mazda 13B ina rota mbili za sisi 654 kila moja, jumla 1,308, lakini kwa nguvu inazotoa hakuna anayeamini kuwa ni injini ndogo kiasi hicho. FIA huizidisha kwa 1.8, ikafika takriban sisi 2,354. Kila chama kina vizidishi vyake, kwa hiyo usikope hesabu ya kitabu kimoja ukaipeleka kwenye uwanja unaotumia kingine. Fundi anayefikiria kufunga turbo kwenye Locost yake aulize kwanza kama kizidishi hicho kitamvusha mpaka wa daraja, na kama uzito wa chini wa daraja jipya utamlazimu kurudisha vyuma alivyotumia mwaka mzima kuvipunguza.

Namba inayowakutanisha wote

Tuseme fundi amejua daraja lake, akafika uwanjani, akakuta yuko peke yake. Hili hutokea sana kwenye mashindano ya mitaa, ambako madereva ni wachache na madaraja ni mengi. Atapata nafasi ya kwanza, lakini nafasi hiyo haitamfundisha kitu.

Wanaotaka jibu la maana hutumia fahirisi iitwayo PAX, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikokotolewa na Rick Ruth kutokana na matokeo ya mashindano makubwa. Kila daraja hupewa namba. A Modified, daraja la kasi kuliko yote, lina 1.000, na madaraja ya magari ya barabarani huzunguka 0.8. Muda wa dereva huzidishwa kwa namba ya daraja lake. Tuchukue namba za mfano tu: fundi amekimbia sekunde 58.000 katika daraja lenye fahirisi ya 0.900, na mwenye gari la barabarani amekimbia 63.500 katika daraja la 0.800. Fundi anapata 52.200. Mwenzake anapata 50.800. Aliyechelewa kwa zaidi ya sekunde tano ndiye aliyeendesha vizuri zaidi kwa kiwango cha gari lake.

Fahirisi ina thamani, na ina mpaka wake. Inatokana na uwezo wa magari bora ya kila daraja, yaliyoandaliwa kikamilifu na kuendeshwa na madereva bora. Gari lililojengwa nusu ya uhuru wa daraja lake huadhibiwa na fahirisi hiyo kila linapokimbia. Hapa tena tunarudi palepale: mjenzi asiyejua daraja lake hulipa gharama hata pale ambapo hana mpinzani.

Vumbi la Nairobi

Nchini Kenya otokrosi hukimbiwa kwenye udongo, na mashabiki wa Nairobi wanaukumbuka uwanja wa Jamhuri kwa vumbi lake. Mashindano yako chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, KMSF. Madaraja yake hayafuati ngazi ndefu ya Marekani. Huuliza ni magurudumu mangapi yanayosukuma, mawili au manne, na kama injini ina turbo au haina. Kuna daraja la wazi, kuna bagi, na kuna madaraja ya watoto wanaoanza mchezo wangali wadogo.

Ufupi huo una sababu zake. Kwenye udongo, kusukuma kwa magurudumu manne ni faida inayofunika tofauti nyingine nyingi, kwa hiyo mpaka wa kwanza umewekwa palipo na faida kubwa. Na bagi, gari la paipu ambalo fundi wa gereji anaweza kuliunda kuanzia chasisi, ina daraja lake badala ya kulazimishwa kujifanya gari la dukani. Kijana wa Nakuru au Arusha anayetaka kujenga hana haja ya kuiga madaraja ya Nebraska. Aazime swali lao: hapa kwetu, faida kubwa iko wapi, na inapimwaje?

Kabla ya kukata paipu

Wanafunzi wa uhandisi wanaoshiriki Formula SAE, shindano la vyuo vikuu la kubuni na kujenga gari dogo la mbio, hukabidhiwa kitabu kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Wanajua injini ya petroli haitazidi sisi 710, na kwamba hewa yote itapita kwenye tundu la kipenyo cha milimita 20. Kila wanachobuni kinaanzia kwenye tundu hilo. Magari yao nayo yamewahi kukimbia kwenye zege lilelile la Lincoln. Mjenzi wa nyumbani afuate mfano wao.

Aanze na matairi, kwa maana ndiyo yanayogawa madaraja kuliko kitu kingine. Akiamua kubaki na matairi ya barabarani, basi achague gari ambalo daraja la matairi hayo litalipokea, iwe ni Cobra badala ya Seven, au Miata iliyobaki Miata. Kisha aandike uzito wa chini wa daraja hilo ukutani mwa gereji, na kila kipande kipimwe kabla ya kufungwa. Gari likiwa na kilo 20 chini ya kikomo litawekewa vyuma vya kuongeza uzito. Likiwa na kilo 80 juu yake, hakuna dawa ya haraka.

Usalama haujadiliwi katika daraja lolote. Gari la wazi la kujiundia linahitaji upinde wa chuma imara nyuma ya kiti, unaopita juu ya kichwa cha dereva akiwa amevaa helmeti. Nembo ya Snell iliyomo ndani ya helmeti za mbio inatokana na Pete Snell, dereva aliyefariki mwaka 1956 kwenye mbio kwa sababu helmeti yake haikumlinda. Mwaka uliofuata rafiki zake wakaanzisha taasisi ya kuzipima. Gari refu kwenda juu na jembamba kati ya magurudumu halifai mchezo huu kabisa, kwa kuwa linaweza kupinduka.

Mwisho aweke daftari. Apige picha kila hatua, atunze risiti, aandike namba ya injini, kipenyo cha silinda, urefu wa mwendo wa pistoni, na uzito kwenye kila gurudumu. Maswali yenye utata ayapeleke kwa waandaaji kwa maandishi, mapema, na jibu alibandike humo. Mpinzani ana haki ya kuweka pingamizi, na kwenye fainali magari huzuiliwa ili yakaguliwe. Mwenye Miata atafungua kitabu cha Mazda. Mjenzi atafungua daftari lake.

Daftari hilo ndilo pacha ambaye gari lake halikuzaliwa naye. Ukurasa wake wa kwanza hauhitaji mchoro wala bei ya paipu. Uandikwe herufi za daraja, tarehe, na toleo la kitabu cha kanuni kilichosomwa siku hiyo. Ukurasa wa pili ndio wa paipu.